Suluhu ya Rågsved

Rågsved, 9 Novemba 2008

Dada yangu Clementina,

Shikamoo. Ukiona bahasha imenona usidhani nimeanza kuhubiri. Mimi mzima, ni magoti tu yanayonikumbusha umri. Binti yangu Queen naye hajambo, yuko Malmö na kazi yake ya meno. Nikimwuliza habari kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiswidi, na simu zetu huisha mapema kwa sababu kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Siku hizi jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Nikishafunga milango ya shule ninayoitunza, nafika nyumbani giza limeshaingia, na wa kuongea naye ni redio. Nakwambia haya wewe kwa kuwa hapa sina wa kumwambia.

Miguu yako je, bado inavimba? Na shamba la karanga umempa nani alilime?

Sasa lililonishikisha kalamu. Unakumbuka nilikuandikia kwamba Jumamosi napiga video kwenye klabu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono, watu wamevaa kofia ngumu wanagongana. Ulicheka ukasema nimeenda kuzeekea kwenye ugomvi. Basi katika ugomvi ule yupo mtu mmoja ambaye kila kitu hupitia mikononi mwake. Wenyewe humwita kwotabeki, mimi nitamwita mrushaji. Anapewa mpira, ana sekunde tatu, wanaume wanne wa kilo mia mia wanamjia, naye anatakiwa aamue amrushie nani. Akikosea yeye, timu nzima imekosea.

Wa kwetu amestaafu, na kocha ameniomba nisaidie kupima watatu wanaoitaka nafasi yake. Kisa ni kwamba miaka sita nimekaa juu ya ngazi na kamera yangu, naandika kwenye daftari ninachokiona, na siku moja kocha aliliazima daftari akakuta mengi niliyoandika yametimia. Wenzangu hutazama mkono, mpira umefika wapi. Mimi natazama miguu, kwa sababu mrushaji mwenye hofu miguu yake husema kabla ya uso. Halafu natazama akiangushwa anainukaje, kama anamtafuta wa kumlaumu au anautafuta mpira.

Wa kwanza ni Mmarekani aliyetuma diski yenye mazuri yake matupu, na mtu anayekuonyesha mazuri matupu huwezi kumpima. Wa pili ni Mswidi wa Uppsala, mkono safi, miguu ya woga. Wa tatu anaitwa Firmin, miaka ishirini na miwili, Mkongomani wa hapa Vårby gård, wazazi wake walikimbia vita Uvira. Dada, huyo sijamwona mfano wake. Anasimama katikati ya vurugu ametulia, kana kwamba anasubiri chai. Wakongomani wanaosali Skärholmen wanamwombea kila Jumapili, maana klabu hii haijawahi kumpa mtu mweusi nafasi ile. Nami nikimwona nafurahi utadhani nimemzaa mimi.

Yupo pia binti wa Kikongomani wa kanisa lao, Josiane, anayesomea tiba ya viungo. Yeye huwafunga wachezaji vifundo vya miguu kwa plasta kabla ya mazoezi. Huniita Papa Eliakim na huniletea chai pale ngazini. Jumamosi iliyopita niliona jambo dogo pembeni ya uwanja, lakini si la kuandika.

Wewe ulichagua wasichana wa netiboli wa mkoa mzima. Ulikuwa ukiwapimaje? Na mbona uliacha ghafla vile? Sikumbuki kama uliwahi kuniambia.

Mdogo wako,
Eliakim


Mpwapwa, 14 Desemba 2008

Mdogo wangu Eliakim,

Marahaba. Barua imefika Alhamisi, imekunjwa kona moja, nadhani huko posta walitaka kujua kama umeweka kitu. Mimi sijambo. Miguu inavimba ikitaka na kupungua ikitaka, nimeacha kuiuliza. Karanga nimempa Ziada, binti wa jirani, na nusu ya mavuno ataniletea asipoisahau. Mvua za kwanza zimenyesha siku mbili zikajuta.

Kuongea na redio si ugonjwa. Mimi naongea na kuku na sijawahi kukosa hoja. Lakini ukianza kusikia redio inakujibu kwa jina, rudi nyumbani.

Unauliza nilikuwa nawapimaje. Siku ya majaribio sikuwa napima chochote, niliwaacha wajionyeshe wachoke. Nilikuwa nawatazama siku ya pili yake, tukiwa safarini, tukila, tukigombea maji ya kuoga. Mchezaji hodari aliyemsukuma mwenzake kwenye foleni ya maji nilimwacha nyumbani, hata kama alifunga mabao ishirini. Walinilaumu sana. Mtu hupimwa vizuri pale asipojua kwamba yumo kwenye mizani.

Kuhusu kuacha, nilichoka. Andika mengine.

Hilo jambo dogo ambalo si la kuandika, mbona umeliandika?

Dada yako,
Clementina


Rågsved, 2 Februari 2009

Dada yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Theluji imefika magotini na nimekuwa nikiamka alfajiri kuifagia kabla watoto hawajaingia shuleni. Queen alikuja siku mbili za Krismasi. Tulikula, tukatazama televisheni, akarudi.

Nina habari itakayokufurahisha, maana nimekuwa mtoto wa Baba kweli. Yule binti Josiane alinijia mwezi uliopita, akakaa kwenye ngazi yangu ya chini kabisa, akaniambia Firmin anamsumbua. Akimfunga plasta, Firmin anaufunga mlango kwa mguu, anamshika, na akitoka anawasimulia wenzake yasiyokuwepo. Simu ya binti imejaa ujumbe wake wa aibu. Alisema amenijia mimi kwa sababu mama yake angelia na Waswidi wangeandika gazetini.

Nilifikiri usiku na mchana. Nikaona hawa wote wawili ni watoto wetu, kanisa lao moja, na nikienda kwa viongozi wa klabu nitakuwa nimempeleka kijana wetu kwa watu wanaosubiri ajikwae. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Niliwaita nyumbani kwangu Rågsved. Alikuja Firmin na baba yake mdogo, Mzee Kambale, na Josiane na mama yake, Hortense. Nilipika wali na kuku, nikawapanga kwenye makochi, nikaongoza mazungumzo. Kijana aliinamisha kichwa akasema samahani. Josiane alimpa mkono. Tulikula pamoja, Mzee Kambale akaomba, akaniita mzee mwenye hekima.

Mwishoni Kambale aliomba karatasi, mistari miwili tu, jambo lisije likafukuliwa. Niliandika kwa Kiswidi kwamba palikuwa na kutoelewana kidogo na kwamba jambo limekwisha, wakatia sahihi, nami nikatia yangu. Nilijikumbuka nikiwa karani wa Baba, nikiandika suluhu za mipaka na ng'ombe na mahari, wazee wakiusifu mwandiko wangu. Miaka thelathini nipo nchi hii, na jioni ile ndiyo nyumba yangu ilijaa watu.

Firmin amechaguliwa. Kwenye fomu ya klabu palikuwa na mstari wa mkono, mstari wa miguu, na mstari wa tabia. Hapo mwisho niliandika: njema. Gazeti la mtaani limeweka picha yake ukurasa wa mbele, na klabu imeibandika kituo cha treni Skärholmen, yeye na mpira, meno yote nje.

Niandikie umeionaje suluhu yangu.

Eliakim


Rågsved, 29 Machi 2009

Dada Clementina,

Shikamoo. Wiki nane sijapata barua yako. Nilipiga simu kwa akina Ziada, wakasema u mzima, umeenda kumwagilia. Nikapiga tena siku ya pili, wakasema umeenda kanisani, na ilikuwa Jumanne. Kama nimekukosea, nigombeze, nitashukuru kusikia sauti.

Queen hajambo. Theluji inayeyuka na kila kilichopotea kipindi chote cha baridi kinaonekana, glavu, funguo, viatu vya watoto. Nimejaza sanduku zima.

Mambo ya klabuni hayakwenda vizuri. Firmin aliacha kumsumbua wiki mbili, kisha ujumbe ukaanza upya. Josiane hakunijia mimi tena. Alikwenda mwenyewe kwa viongozi, na viongozi wakatoa karatasi yangu mezani. Kumbe Kambale aliwapelekea siku ya tatu tu baada ya kula kuku wangu. Walimwambia jambo hili mlilimaliza wenyewe, na sahihi yako ni hii hapa. Sasa kwenye mtandao, pale mashabiki wanapoandikiana bila majina, wanamwita mwongo, na mengine siwezi kumwandikia dada yangu. Wengine ni watu wetu, nawatambua kwa Kiswahili chao. Wanasema anamwonea wivu kijana aliyeinuka.

Klabu imemwambia apumzike nyumbani, kwa faida yake. Plasta anafunga mtu mwingine. Nilikwenda Vårby gård kuwaona, nikamsikia Hortense nyuma ya mlango, akisimama, akinichungulia kwenye kitundu, kisha akaondoka. Nilibaki na mfuko wa machungwa mkononi.

Nipo peke yangu sana, dada. Niandikie.

Eliakim


Mpwapwa, 17 Mei 2009

Eliakim,

Mimi sijambo. Mahindi yamekauka yakiwa kiunoni. Ziada amejifungua mtoto wa kike.

Barua yako ya Februari niliisoma hadi kwenye neno karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye kopo la sukari. Kila nilipotaka chai niliiona. Niliwaambia akina Ziada waseme nimetoka. Nimekaa miezi mitatu nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukuumiza, na sijaipata.

Mwaka 1973 yule ofisa michezo wa mkoa alinifuata tangu mashindano ya Tabora. Sitaeleza alichofanya, wewe ni mdogo wangu na mimi ni mtu mzima. Nilimwambia Mama, Mama akamwambia Baba, na Baba akaita wazee wanne. Walikaa sebuleni kwetu. Yule bwana alileta mbuzi. Aliniomba samahani huku akimtazama Baba, wala hakunitazama mimi. Niliambiwa nimpe mkono, nikampa. Mbuzi akachinjwa, watu wakala. Na wewe, kijana wa kidato cha sita mwenye mwandiko mzuri, uliandika kwamba palikuwa na kutoelewana kidogo kati ya Mwalimu Clementina na Ndugu Ofisa, na kwamba jambo limekwisha. Ukaisoma kwa sauti. Wazee wakakusifu.

Hakuacha. Nilipokwenda ofisi ya elimu kushitaki, yule mkubwa alivuta droo akatoa karatasi yenye mwandiko wako. Akaniuliza, mwalimu, umesahau kwamba mlipatana? Baada ya hapo sokoni walikuwa wakinyamaza nikipita, wazazi wakawaondoa binti zao kwenye timu yangu, na aliyekuwa akitaka kunioa akasema angoje kidogo. Bado anangoja, kama yu hai.

Sikuchoka, Eliakim. Nilitolewa kwa karatasi. Kwako ilikuwa moja kati ya nyingi, katikati ya ng'ombe na mipaka. Mimi sikuwa na nyingine.

Ndiyo maana sikukujibu. Nilikuona umekaa kwenye kiti cha Baba, unajisifu.

Na bado hujaniambia ulichokiona pembeni ya uwanja mwezi wa kumi na moja. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano, namjua anayeficha kitu mgongoni.

Clementina


Rågsved, 21 Juni 2009

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa sijui kama nina haki ya kukuamkia. Ni siku za sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, jua haliondoki, watu wote wamekwenda mashambani na visiwani, na mtaa umebaki na mimi na njiwa. Hongera kwa Ziada.

Nitasema. Siku ile ya Novemba kamera ilikuwa inarekodi. Firmin alimshika Josiane shingo kwa nyuma, akamsukumia chini mbele ya wenzake, akifanya ishara chafu, na wote wakacheka. Ni sekunde kumi na moja. Josiane aliinuka akatazama juu, kwenye ngazi, kwangu. Nilimpungia mkono nikidhani ni utani wa vijana. Hapana, huo nao ni uongo, nilijua si utani. Jioni nilipoandaa mkanda wa video wa kocha nilizikata zile sekunde kumi na moja, kwa sababu zilimharibia mrushaji wangu. Kanda nzima, isiyokatwa, niliiweka chini ya mashuka. Kwa hiyo Josiane aliponijia Januari nilikuwa najua tayari, na yeye alijua kwamba najua.

La pili. Nilikuuliza kwa nini uliacha netiboli. Dada, niliikumbuka ile karatasi, siku zote niliikumbuka. Nilikuuliza ili uniambie ulichoka.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kwa viongozi wa klabu na kanda nzima, na karatasi mpya niliyoandika kwamba suluhu ya Rågsved haikuwa suluhu, kwamba binti alipewa chakula na kulazimishwa kutoa mkono na wakubwa watatu, na kwamba pale nilipoandika tabia njema nilidanganya kwa makusudi. Walitazama zile sekunde mara tatu. Mmoja aliniuliza kwa nini nimeleta leo.

Firmin ameondolewa, picha ya kituoni imebanduliwa. Wiki ya pili klabu ya nchi jirani ikamchukua, nadhani nao wametazama mkono. Kocha alinidai ufunguo wa stoo na ngazi. Kanisani Skärholmen nilikaa benchi peke yangu, waliotangulia walihama. Mzee Kambale alinisubiri mlangoni akasema nimewauzia Wazungu mtoto. Kwenye mtandao sasa jina langu liko pamoja na la Josiane, na hilo naona ni haki, alikaa pale peke yake miezi mitatu.

Josiane alikuja juzi. Hakutaka kuingia. Nilianza kusema, akaninyanyulia kiganja.

“Papa Eliakim, sikuje kukupa merci,” alisema, yaani asante. “Ni weye mutu ya kwanza niliambia.”

Akashuka ngazi. Nilimsikia mpaka mlango wa chini ulipofunga.

Naomba msamaha wako. Nimeandika sentensi hii nikiwa na miaka hamsini na mitano. Sina kisingizio cha ujana wala cha Baba.

Eliakim


Mpwapwa, 6 Septemba 2009

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuitikia, haki hiyo unayo. Mtoto wa Ziada ameanza kucheka na watu asiowajua. Mimi nimepata dawa mpya ya miguu, chungu kweli.

Barua yako nimeisoma mara moja, mchana, mlango wazi. Nililia, kisha nikaenda kuwapa kuku maji, kisha nikalia tena.

Ulichofanya klabuni kilipasa kufanywa, na umechelewa. Yote mawili ni kweli na usinitake nichague moja. Kama Josiane ataacha masomo kwa ajili ya midomo ya watu, nitaumia. Ukimpata, mwambie yupo mwalimu mmoja mzee huku Mpwapwa anayemwamini, wala hahitaji kunijibu.

Kuhusu msamaha, nimejaribu kuuandika siku tatu nikachana kurasa. Sioni faida ya kukudanganya, sijakusamehe. Yule ofisa alikufa, Baba alikufa, wazee wote wanne wamekufa, na mkubwa wa ile droo nilimzika mwenyewe nikiimba na kwaya. Miaka yote hii hasira yangu haikuwa na pa kwenda ila kwako, na wewe ndiye niliyekuwa nikingoja barua zake. Nimechoka kukukasirikia kwa posta, barua inachukua wiki tatu na ikifika imepoa.

Shule yako inafungwa katikati ya Desemba. Njoo. Utanikuta bado nina hasira, lakini utanikuta.

Dada yako,
Clementina